Jozi Arobaini za Viatu: Jinsi ya Kumuenzi Msafiri Aliyetutoka kwa Kuwafaa Watoto wa Nairobi

Mazishi yakishapita, kundi la WhatsApp la matanga hubaki na watu wengi na, mara nyingi, pesa kidogo zilizosalia. Kama aliyefariki alikuwa mtu wa milima na nyika, mtu ambaye kila akitajwa watu hukumbuka begi lake la mgongoni na viatu vyenye matope, haichukui siku nyingi kabla ya rafiki mmoja kuandika: "Tufanye kitu kwa jina lake. Labda tuwasaidie watoto."

Wazo hilo ni jema. Huharibika katika kulitekeleza: shamrashamra za wiki mbili, ziara moja ya Jumamosi kwenye makao ya watoto na magunia ya unga, picha sitini, kisha kimya. Mwongozo huu ni wa jamaa na marafiki wanaotaka jambo lao lidumu angalau miaka mitano. Hauhitaji tajiri wala wakili wa kudumu. Unahitaji watu watano wanaoaminiana, shule moja, kitu kimoja cha kutoa, na tarehe isiyobadilika kila mwaka.

Kanuni ya shule moja na kitu kimoja ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote. Mtoto anayepata viatu mara moja amepata viatu. Mtoto anayejua kuwa kila Februari mguu wake utapimwa tena hahitaji kuvificha vile vya zamani kwa hofu, na mzazi wake anaweza kuziondoa pesa hizo kwenye hesabu ya Januari.

Pesa za matanga ziwe mbali na pesa za kumbukumbu

Fungeni hesabu ya mazishi kwanza. Mweka hazina atume kwenye kundi orodha ya zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki, kisha familia iamue kwa maandishi kama salio linaenda kwenye kumbukumbu au kwa mjane na watoto wa marehemu. Swali hili lisipoulizwa, hurudi baada ya miezi sita likiwa ugomvi. Watu walichanga kwa ajili ya jeneza na usafiri wa mwili. Kuzielekeza pesa hizo kwingine bila idhini yao ni kosa hata kama nia ni safi. Na kama marehemu ameacha mtoto anayesoma, karo yake huja kabla ya watoto wa watu wengine.

Laini ya simu ya marehemu isitumike kupokea mchango, hata kama nambari yake ndiyo wote wanaijua. Kilichomo kwenye M-Pesa yake na benki ni mali ya urithi. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kuigusa mali hiyo kabla ya mahakama kutoa hati ya usimamizi ni kosa la jinai. Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa wasafiri, kwa sababu baadhi yao hufia mbali, mwili usionekane, na cheti cha kifo kikachelewa. Kumbukumbu ya watoto inaweza kuanza bila kusubiri kesi ya urithi, mradi isiguse shilingi yake hata moja.

Chagueni zawadi inayofanana naye

Kaeni watu watano mezani. Upande mmoja wa karatasi andikeni alichokipenda kwa vitendo: kutembea, kukwea, kusoma ramani, kupiga kasia, kuendesha baiskeli, kupika kwenye baridi. Upande wa pili msiandike chochote hadi mtembelee shule. Wengi hukosea hapa. Wanajaza pande zote mbili siku ile ile, halafu wanapeleka darubini kwenye shule isiyo na madawati.

Edmund Hillary, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, aliwauliza kwanza Washerpa, wenyeji wa milima hiyo nchini Nepal, wanataka nini. Walitaka shule. Ile ya Khumjung ikajengwa mwaka 1961, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,800, na kazi ya mfuko aliouanzisha mwaka 1960 inaendelea hadi leo ingawa yeye alifariki mwaka 2008.

Kwa Nairobi, mtembezi hulingana vizuri na viatu vya shule. Watoto wa Mukuru, Mathare au Korogocho hutembea kwenda shule, na mvua ya Aprili huonyesha haraka nani ana soli na nani hana. Aliyependa ramani na vitabu analingana na rafu ya maktaba. Aliyependa milima analingana na siku moja ya matembezi kwa darasa zima. Tutaeleza viatu kwa kina, kisha matembezi, kwa kuwa ndiyo mawili yanayowezekana kwa kundi dogo.

Kuhusu makao ya watoto, tuseme wazi: msianzie huko. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwezi Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarejesha watoto katika familia, kwa kuwa wengi wa walio ndani wana jamaa walio hai. Pesa inayomfikia mtoto akiwa kwa nyanya yake humweka kwa nyanya yake. Inayofuata vitanda vya makao hualika vitanda zaidi.

Kuipata shule

Nendeni siku ya kazi, saa nne asubuhi, watu wawili tu, bila kamera na bila kuahidi lolote. Ombeni kumwona mwalimu mkuu. Kama ni shule ya umma, bodi ya usimamizi lazima ijue. Kama ni shule ndogo ya binafsi ya mtaani, ombeni kuona cheti chake cha usajili. Elimu ya msingi ya umma haina karo tangu Januari 2003, lakini sare, viatu na chakula vinabaki mzigo wa mzazi. Zile shule ndogo za mabanda, ambazo nyingi hazipati mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi, huwa na pengo kubwa zaidi.

Ulizeni mambo matatu. Ni watoto wangapi hukosa shule siku za mvua? Ni msaada gani mliwahi kupokea ukawaletea shida? Na ni mwalimu gani, mbali na mwalimu mkuu, atakayeshughulika nasi? Swali la pili ndilo lenye faida. Mtasikia habari za mabegi yaliyotolewa kwa watoto kumi kati ya hamsini, na vita vilivyofuata uwanjani. La tatu linawakinga na uhamisho: walimu wakuu wa umma huhamishwa, na mpango uliokaa kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye.

Chagueni gredi nzima, wala si "wahitaji". Gredi ya 4 ya shule ndogo ikiwa na watoto 40, wapewe wote 40. Kuwachagua kumi maskini zaidi kunawatia alama mbele ya wenzao, na kunamwachia mwalimu lawama za wazazi thelathini. Kama pesa hazitoshi gredi nzima, tafuteni gredi ndogo zaidi au kitu cha bei nafuu.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nini, kwa nani, lini, miaka mingapi, na nini kitatokea mtoto akihama. Jibu letu kwa hilo la mwisho ni kwamba anaondoka na viatu vyake, na nafasi yake inachukuliwa na atakayeingia.

Hesabu kabla ya mchango

Hapa chini tumetumia bei za mfano. Nendeni dukani mpate zenu, mwombe bei ya jumla kwa maandishi, halafu mbadilishe tarakimu.

Jozi ya viatu vya ngozi Sh1,500, soksi jozi mbili Sh300: kila mtoto Sh1,800. Watoto 40 ni Sh72,000. Ongezeni jozi tano za akiba, Sh7,500, kwa sababu kila mwaka kuna saizi zitakazokosewa na watoto watakaohamia baada ya vipimo. Usafiri Sh3,000. Jumla Sh82,500 kwa mwaka.

Watu wengi husikia hesabu hiyo na kufikiria mfuko wa kudumu: tuweke pesa mahali, tutumie faida tu. Tuifanye hesabu. Mfuko wa soko la fedha (money market fund) ukitoa asilimia 10 kwa mwaka, kodi ya zuio ya asilimia 15 hukatwa kwenye faida, mnabaki na asilimia 8.5. Ili kupata Sh82,500 mnahitaji karibu Sh970,000. Faida ikishuka hadi asilimia 8, mtaji huo huo unaleta Sh66,000 hivi, na watoto wanne wanakosa hata kabla ya kuhesabu akiba na usafiri. Tena bei ya viatu haitakaa palepale.

Sasa chukueni watu 30 kutoka kwenye lile kundi la matanga, kila mmoja atoe Sh250 kwa mwezi. Ni Sh90,000 kwa mwaka. Hakuna mtaji, hakuna wakala wa uwekezaji. Kwa kundi la marafiki wa Nairobi tunapendelea njia hii, na mfuko wa kudumu uje baadaye, kama kuna urithi au mwajiri aliyetoa kitita kikubwa. Ugumu wake unajulikana: mwezi wa saba watu huanza kusahau. Dawa ni kutoza mara nne kwa mwaka, Sh750 kila robo, kwa ujumbe unaotumwa tarehe 5, siku ambazo wengi wameshapokea mshahara.

Pesa zisikae kwenye simu ya mtu. Akaunti ya M-Pesa ina kikomo cha Sh500,000, na muamala mmoja hauwezi kuzidi Sh250,000, lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba zinachanganyika na za nyumbani, na mwenye simu akiugua au akifa nazo zinaingia kwenye urithi wake. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kutoa, na mwunganishe nambari ya Paybill ya benki hiyo. Mtu mmoja kati ya watatu awe wa familia ya marehemu; mwingine asiwe ndugu kabisa.

Ili kufungua akaunti hiyo benki nyingi zitaomba cheti cha usajili. Chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022, watu kumi wanatosha, wakiwa na katiba yao na muhtasari wa mkutano. Msikimbilie kuanzisha shirika. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ina masharti ya ripoti na bodi ambayo kundi la kununua viatu halihitaji kuyabeba. Mkipata siku moja wafadhili wa nje, ndipo mzungumze na wakili kuhusu hati ya udhamini (trust deed).

Jambo jingine la kisheria ambalo hupuuzwa: kuchanga miongoni mwa mnaojuana ni jambo la kawaida, lakini kuomba umma, kwa kopo barabarani au kwa tangazo la wazi, kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Kaeni ndani ya kundi lenu.

Kupima miguu arobaini

Msiwaulize watoto saizi. Wengi watataja ya viatu walivyovaa, ambavyo ni vya kaka au vimebana tangu mwaka jana. Na msiwatume wazazi, kwa sababu mzazi mwenye busara atataja saizi mbili zaidi ili viatu vidumu, na mtoto ataburuta soli hadi kisigino kitoke malengelenge.

Pimeni mapema Februari. Januari maduka hufurika watu wa sare na saizi za kati huisha. Pimeni baada ya saa sita mchana, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Kiatu kilichopimwa asubuhi hubana jioni.

Vifaa: karatasi 40 ngumu kiasi, kalamu za risasi, rula ya sentimita 30, mkasi, na kadibodi ya maboksi ya zamani. Wekeni karatasi sakafuni, kwenye saruji wala si kwenye udongo. Mtoto asimame juu yake kwa miguu yote miwili akiwa amevaa soksi, uzito ukiwa sawa. Akikaa, mguu hupungua urefu. Kalamu ishikwe wima kabisa. Ikiinamia ndani mnapoteza milimita tano, ikiinamia nje mnaongeza kiasi hicho, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Chora miguu yote miwili. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe dole gumba. Chukua mguu mrefu.

Ongeza sentimita 1.2 hadi 1.5. Hiyo ndiyo nafasi ya kidole na ya kukua kwa mwaka. Zaidi ya hapo kiatu kinavuka. Kata ukanda wa kadibodi wa urefu huo uliojumlishwa, upana wa vidole viwili, uandike nambari ya mtoto kwenye orodha ya darasa. Nambari tu. Jina libaki kwa mwalimu.

Mkifika dukani na kanda zenu 40, hamtahitaji kubishana kuhusu saizi. Viatu vya shule nchini huja kwa namba za Uingereza, vingine kwa namba za Ulaya, na viwanda havilingani. Mnaingiza ukanda ndani ya kiatu: ukilala bila kukunjika na bila kucheza, ndicho hicho. Mnaotaka kukadiria kabla ya kwenda, zidisheni urefu wa ukanda kwa 1.5 mpate namba ya Ulaya. Mguu wa sentimita 21, pamoja na 1.5, ni 22.5, mara 1.5 ni 33.75, yaani 34.

Angalieni soli. Iliyoshonwa au kumiminwa pamoja na ngozi hudumu. Iliyobandikwa kwa gundi pekee huachia kwenye madimbwi kabla muhula haujaisha. Kunjeni kiatu mbele: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika, kisivunjike katikati. Chukueni vya kamba au vya mkanda kulingana na sare ya shule, na mwulize mwalimu rangi kabla ya kulipa. Viatu vya kahawia kwenye shule ya viatu vyeusi humletea mtoto adhabu.

Siku ya kugawa, kila mtoto avae mbele ya mtu mzima na atembee hatua kumi. Bonyezeni kidole chenu mbele ya dole gumba lake. Visivyofaa vibadilishwe papo hapo kutoka zile jozi tano, na vinavyobaki vikarudi dukani kabla ya wiki kuisha, kwa hiyo msikubali kununua bila ruhusa ya kubadilisha saizi.

Siku ya matembezi

Kwa watoto chini ya miaka kumi, msitu wa Karura ni bora: njia zilizosafishwa, kivuli, maporomoko ya maji, mapango, na hakuna mteremko wa kuogofya. Kwa Gredi ya 6 kwenda juu, vilima vya Ngong, vinavyofika mita 2,460 hivi. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,795, kwa hiyo mwinuko si tatizo kwa mtoto mwenye afya. Upepo ndio tatizo. Pale kwenye mitambo ya umeme wa upepo hata mchana wa jua mtoto asiye na sweta hutetemeka. Ombeni askari wa misitu awasindikize. Na msipande zaidi kwa jina la marehemu: Point Lenana, mita 4,985, ni ya watu wazima walioandaliwa, hata kama ndiyo aliyoipenda kupita zote.

Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Machi hadi Mei ni masika. Julai na Agosti ukungu hukaa juu ya Ngong hadi karibu saa tano.

Mwalimu mkuu ndiye anayeomba kibali cha safari kwenye ofisi ya elimu. Mwachieni kazi hiyo, ila mpeni barua yenu wiki sita kabla. Kila mzazi atie saini fomu ya Kiswahili yenye nambari ya simu na maswali manne: pumu, selimundu (sickle cell), kifafa, mzio (aleji). Mtoto mwenye selimundu asikosekane tu kwenye orodha kimyakimya. Ongeeni na mzazi na kliniki yake, kwani baridi na kiu ndizo hatari zake, na Karura inaweza kumfaa pale Ngong isipomfaa.

Mtu mzima mmoja kwa watoto wanane. Watoto 40, watu wazima watano, mmoja mbele, mmoja nyuma kabisa, na huyo wa nyuma hapitwi na mtoto yeyote kwa sababu yoyote. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu: watu 45 ni lita 67.5, kwa hiyo mitungi minne ya lita 20. Chapati mbili, yai la kuchemsha na ndizi kwa kila mmoja. Unga wa ngano pakiti tano za kilo mbili unatosha chapati 90 na kubakiza. Hesabuni watoto kwa sauti kwenye kila kituo, na tena ndani ya basi kabla ya gari kuwashwa. Muwe mmerudi shuleni saa kumi jioni.

Kwenye matembezi msiwahutubie kuhusu marehemu. Dakika tano juu ya kilima zinatosha: alikuwa nani, alipenda nini, na kwa nini wako pale. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kubebeshwa majonzi ya watu wazima. Mpeni dira mkononi na mwache aitafute kaskazini.

Vifaa alivyoviacha

Chumba cha msafiri huwa na vitu vingi, na familia hutamani vyote viende kwa watoto. Vingine ni hatari.

Kamba za kukwelea, mikanda ya kiunoni na helmeti visitolewe kamwe. Nailoni na plastiki huchoka hata zikikaa kabatini, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 tangu tarehe ya kutengenezwa hata kama kifaa hakijatumika. Kamba ikatwe vipande vya mita mbili kabla ya kutoka nyumbani, isije ikaning'inizwa mtini na watoto. Vipande hivyo vinafaa kufundishia mafundo. Mitungi ya gesi, majiko ya mafuta, visu na dawa za mlimani vibaki mbali na mzigo wa shule.

Viatu vyake vya mlimani vikunjeni kwa nguvu. Povu gumu lililo kati ya soli na ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kumeguka baada ya miaka kadhaa, na kiatu kinachoonekana kipya huachia soli siku ya kwanza. Hema la zamani linusweni: likinuka uchachu na kunata, rangi ya ndani ya kuzuia maji imeoza na hairudi. Lililo zima liende kwa kikundi cha skauti, siyo kwa mtoto mmoja. Kwenye tochi za kichwani toeni betri na mwangalie kutu nyeupe. Kwenye simu, kamera na vifaa vya kuonyesha njia, futeni picha na mahali alipohifadhi "nyumbani".

Ramani ndizo hazina. Kama alikuwa na zile za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja ardhini, ziwekeeni plastiki na mzitundike darasani. Mtoto wa Nairobi akiona jina la mto anaouvuka kila siku limeandikwa kwenye ramani, atatafuta na mwingine. Shajara za marehemu ni za familia.

Jina na picha

Maktaba ya McMillan, yenye simba wa mawe mlangoni jirani na msikiti wa Jamia, ilijengwa mwaka 1931 na mjane wa William Northrup McMillan kumkumbuka mumewe, mzaliwa wa Marekani aliyewahi kujaribu kushuka mto Blue Nile kwa mashua mwaka 1903. Kwa miaka mingi ya ukoloni Wazungu pekee ndio walioruhusiwa kusoma humo. Leo watoto wa Eastlands wanaingia, na jina lake bado liko mlangoni. Anayeandika jina kwenye ukuta aandike pia kwenye katiba ni nani atakayefaidi, na asimfungie nje mtoto kwa kabila, dini au uwezo wa kuandika insha ya shukrani. Ndani ya boksi la viatu, kadi ndogo yenye jina la kwanza la marehemu na mstari mmoja inatosha. Soli isipigwe chapa, wala sweta ya mtoto isishonwe jina la mtu mwingine.

Picha za watoto zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hata mkiwa na saini, wafadhili hawahitaji kuona sura ya mtoto anayepokea. Pigeni picha ya jozi arobaini zimepangwa mstari mmoja kwenye veranda ya darasa, au miguu tu. Na mtu mzima yeyote wa kundi lenu asibaki peke yake na mtoto; mkiona dalili za mateso nyumbani au shuleni, nambari 116 hupigwa bure.

Ripoti ya mwaka iwe ujumbe mmoja: zilizoingia, zilizotumika, risiti zilizopigwa picha, idadi ya watoto, jozi ngapi zilibadilishwa, nini kiliharibika. Tumeni wiki ile ile ya kugawa, kabla ya kuomba mchango wa robo inayofuata.

Mwaka wa nne ukiisha, mwezi wa Oktoba, mwandikieni mwalimu mkuu kama mtaendelea baada ya mwaka wa tano au la. Kama hamtaendelea, semeni hivyo wazi, mtaje Februari ya mwisho ni ipi, na mpeni miezi ya kutafuta kundi jingine, mkimwachia orodha ya vipimo, zile kanda za kadibodi na nambari ya duka.